Musa Nyandusi na Kahawa ya Nyaribari

Mji wa Kisii nchini Kenya wazee wa Kigusii huuita Getembe. Wengine husema Bosongo, yaani kwa Wazungu, kwa kuwa ulianza kama boma la Waingereza mwaka 1907. Boma hilo halikupokelewa kwa shangwe. Januari 1908, kijana Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa serikali, Northcote, na kisasi cha Waingereza kikawa nyumba kuchomwa na ng'ombe kuswagwa. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini na kupigana na Waingereza hapo hapo mjini. Vita vilipotulia, wenyeji waliokuwa wamepora boma walitozwa ng'ombe tena.

Katika kizazi kilichokua na kumbukumbu hizo alitoka Musa Nyandusi, aliyekuwa chifu wa Nyaribari, sehemu ya Gusii, tangu miaka ya 1920. Chifu wa wakati ule alikusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na wengi walimwogopa. Mali yake na cheo chake vilikwenda pamoja, na si haki kuvitenganisha tunapomsifu. Lakini yeye hakuishia kwenye cheo. Alikuwa miongoni mwa Wagusii wa kwanza kupanda kahawa.

Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Ng'ambo ya mpaka, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925. Kenya, walowezi walikataa katakata Mwafrika aguse zao hilo, wakidai kwamba mashamba yake yataeneza magonjwa na kwamba kahawa yao itaibwa. Wasiwasi wao mwingine ulikuwa vibarua: nani angekwenda kuwachumia wakati ana shamba lake? Katikati ya miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba, ila kwa sehemu zilizokuwa mbali na mashamba ya walowezi, kama Kisii na Meru, tena kwa kibali na chini ya macho ya maofisa wa kilimo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu. Watu wa Gusii walishuku kwamba shamba likishapendeza Mzungu atalitamani, alichukue na ardhi yake. Kahawa haiuliwi na shaka, lakini huchelewa: mche hutoka kitaluni, huhamishiwa shimo lenye samadi, kisha mwenyewe husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuona matunda mekundu. Mbegu humenywa maganda, huchachushwa, huoshwa utelezi wote, halafu huanikwa kwenye meza za waya na kugeuzwa kwa mikono siku baada ya siku. Anayeona matunda kwa jirani huamini kuliko anayehubiriwa barazani. Chifu aliyekuwa na miche yake mwenyewe alikuwa na cha kuonyesha.

Reli haikufika Gusii. Mizigo ilipita kwa lori hadi gati la Kendu Bay au Kisumu, na maduka ya mjini yalikuwa mikononi mwa Wahindi. Fedha ya kahawa ndiyo iliyowapa wenyeji karo, mabati na mtaji wa kufungua biashara zao.

Mwanawe Nyandusi, Simeon Nyachae, aliyezaliwa 1932, alishika njia hizo hizo mbili, cheo na mali. Serikalini alipanda hadi kuwa mkuu wa utumishi wa umma, kisha akawa mbunge wa Nyaribari Chache na waziri. Katika biashara, jina la Sansora lilijulikana kwa mikate. Alifariki Februari 2021. Mjukuu, Charles Nyachae, aliongoza tume ya kutekeleza Katiba ya 2010, ile iliyozipa Kisii na Nyamira serikali zao za kaunti.

Habari za ukoo huu zimehifadhiwa. Za majirani waliopanda miche ileile hazijaandikwa. Watoto waliobeba madebe ya kahawa miaka ya 1940 sasa wamepita miaka themanini, na baadhi yao wapo Keumbu, Kiogoro na kule Nyamira. Ukiwa na mmoja wao nyumbani, keti naye wiki hii, umwulize nani alipanda mche wa kwanza kwenu, kisha uandike.