Misawa na Kawada, Budokan 1994: pambano kubwa na gharama yake

Tukigusa mieleka hewani, ujumbe wa kwanza kuingia huwa ni ule ule: wale watu wanapigana kweli au wanaigiza? Safari hii tunalijibu swali hilo kwa kuchambua pambano moja, ambalo wapenzi wengi wa mieleka duniani wanaliweka kati ya mapambano bora kuliko yote. Ni la Mitsuharu Misawa dhidi ya Toshiaki Kawada, lililochezwa Tokyo, Japani, tarehe 3 Juni 1994, katika ukumbi wa Nippon Budokan.

Ukumbi huo ulijengwa kwa ajili ya judo kwenye Olimpiki ya 1964. Humo ndimo Muhammad Ali alipopambana na mwanamieleka Antonio Inoki mwaka 1976, miaka miwili baada ya kumwangusha George Foreman kule Kinshasa. (Anayetaka kulitafuta hilo la Ali ajiandae kuchoka: Inoki alishinda amelala chini raundi 15 akimpiga Ali mateke ya miguuni, ikawa sare.)

Turudi kwenye swali. Mieleka ya kulipwa, ya Japani kama ya Marekani, matokeo yake hupangwa kabla. Misawa na Kawada walijua nani angeondoka na mkanda. Lakini kupangwa kwa matokeo hakufanyi sakafu ya ulingo kuwa godoro. Mtu wa kilo zaidi ya 100 akibebwa na kubwagwa, anaanguka kweli. Wacheza mieleka hujifunza miaka kadhaa namna ya kuanguka ili uzito usambae mgongoni, na anayembwaga mwenzake ana kazi ya kumlinda. Kwa hiyo ni maigizo, ila ni maigizo yanayochezwa kwa mifupa.

Kampuni yao iliitwa All Japan, ilianzishwa na Giant Baba mwaka 1972. Mtazamaji aliyezoea mieleka ya Marekani kwenye kibanda umiza atashangaa. Hakuna anayeshika maiki kutukana, hakuna kiti kinachorushwa, mwamuzi hazimii ili rafiki wa mtu aingie kwa nyuma. Miaka hiyo All Japan walikuwa wameamua pambano kubwa liishe kwa mtu kubanwa mabega chini hadi hesabu ya tatu, au kusalimu amri. Basi.

Na hadithi ilisimuliwa kwa miaka, siyo kwa usiku mmoja. Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, wote wakiwa kwenye timu ya mieleka ya shule, na Misawa alimtangulia Kawada darasa moja. Kwa Wajapani hilo si jambo dogo. Aliyekutangulia shuleni anabaki mkubwa wako hata mkifika uzeeni. Baadaye Misawa alipewa kinyago cha Tiger Mask, simbamarara wa kwenye vitabu vya katuni, akakivaa miaka kadhaa. Mei 1990 akiwa katikati ya pambano alimwita mwenzake wa timu amfungulie kinyago hicho, na uso wake ukaonekana. Aliyekifungua alikuwa Kawada. Mwezi uliofuata Misawa akamwangusha Jumbo Tsuruta, mkongwe wa kampuni, na tangu hapo akawa kiongozi wa kizazi kipya.

Kawada akabaki pembeni. Alijaribu kumnyang'anya Misawa mkanda mkuu mwaka 1992, akashindwa. Akahama timu akawa mpinzani wake rasmi, akajaribu tena 1993, akashindwa. Aprili 1994 akashinda mashindano ya kampuni ya kila mwaka, na Juni akaja Budokan kwa mara ya tatu. Usipoijua historia hii utaona wanaume wawili wanapigana tu. Ukiijua, utaona mdogo anayetaka kutambuliwa na mkubwa asiyetaka kuachia.

Pambano linachukua karibu dakika 36, kwa hiyo angalia bando lako kabla ya kulitafuta. Dakika za mwanzo ni taratibu mno, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu dhaifu. Kuna kushikana na kupimana ambako mgeni wa mieleka hii anaweza kuzima simu. Tunaomba asizime. Silaha ya Misawa ni kiwiko, anachokipiga kwenye taya kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Silaha ya Kawada ni mateke, tena mengine ni ya dharau, ya ncha ya mguu usoni kwa mtu aliyeinama. Kinachopendeza ni kwamba kila pigo lina jibu. Misawa haonyeshi hisia. Uso wake ni ule ule akipiga na akipigwa. Kawada yeye kila kitu kiko usoni. Magoti yanalegea, macho yanazunguka, anajilazimisha kusimama. Ukizima sauti bado utaelewa nani anaumia na kwa nini hakati tamaa. Tumeangalia mieleka mingi na hatujaona mtu anayecheza uchovu vizuri kuliko Kawada.

Nusu ya pili inapanda kama maji ya mvua kwenye korongo. Kawada anambeba Misawa na kumshindilia chini, mwamuzi anahesabu, Misawa anainua bega kabla ya tatu. Misawa naye anatoa mbinu zake za kumalizia, zile ambazo kwa kawaida hakuna anayeamka, na Kawada anaamka. Ukumbi mzima unakanyaga sakafu. Ndipo Misawa anamfungia Kawada mikono yote miwili, anambeba, na badala ya kumshusha kwa mgongo anamshusha kwa shingo na kisogo. Mbinu hiyo waliiita Tiger Driver '91, na aliitumia kwa nadra sana. Mikono ikiwa imefungwa, anayeanguka hana namna ya kujikinga. Hesabu ikafika tatu.

Kama hadithi, mwisho huo umekamilika. Kawada alikuwa mzuri kiasi kwamba mkubwa wake alilazimika kutoa kitu ambacho hakupenda kukitoa. Na hapo hapo ndipo tunapolikosoa pambano hili, kwa sababu watazamaji wakishaona mtu anaamka baada ya pigo la kutisha, pigo la kesho lazima litishe zaidi. Kuangukia shingo, ambako kulikuwa silaha ya nadra, kukazoeleka kwenye mapambano makubwa ya All Japan miaka iliyofuata. Wanaolisifu pambano hili kwa nyota na alama mara nyingi hawataji upande huo. Sisi tunaona kuwa dakika tano za mwisho zingetosha kwa viwiko na mateke, maana uso wa Kawada ulishatueleza kila kitu.

Tarehe 13 Juni 2009, Misawa akiwa na miaka 46, alikuwa ulingoni Hiroshima kwenye kampuni yake mwenyewe, NOAH, aliyoianzisha mwaka 2000. Alibwagwa kwa nyuma, mbinu ya kawaida aliyokuwa ameipokea mara nyingi sana maishani. Hakuamka. Uti wa mgongo uliumia shingoni, akafariki usiku huo. Hatusemi pambano la 1994 ndilo lililomuua. Pamepita miaka 15 katikati. Lakini shingo iliyobeba maanguko ya miaka hiyo yote ilikuwa ni ile ile moja. Vijana wanaobwagana kwenye mchanga jioni wakiwaiga wanamieleka wa kwenye simu, na tunajua wapo, waambiwe hivyo bila kuficha: aliyefariki alikuwa kati ya mafundi wakubwa wa kuanguka duniani.

Kawada naye, mara ya kwanza kumbana Misawa kwa hesabu ya tatu ilikuwa Juni 1995 kwenye pambano la watu wawili kwa wawili. Mkanda wenyewe alimvua Mei 1998, mbele ya umati wa Tokyo Dome. Tangu 2010 hayuko ulingoni. Alifungua mgahawa Tokyo, akawa anapika tambi za mchuzi na kuku wa kukaanga, na mashabiki walioshuhudia mateke yake humfuata huko kula.