Ajali ya Boston na vita vya kuhamisha kesi Marekani

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na kuua watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Familia nyingi ziliishtaki Boeing katika mahakama ya shirikisho jijini Chicago. Kwa wafiwa walio nje ya Marekani, swali la kwanza katika kesi za namna hii huwa si nani mkosaji, bali kesi itasikilizwa wapi. Novemba 2021 Boeing ilikubali kuwajibika, ikakubali pia kutopinga kesi hizo kusikilizwa Illinois. Wengi waliowatangulia hawakupata nafasi hiyo.

Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu kesi dhidi ya Gulf Oil ifutwe New York, kwa kuwa ghala lililoungua na mashahidi walikuwa Virginia. Mwaka uliofuata Congress ikaweka kifungu cha 1404(a): jaji asilazimike kuifuta kesi, aweze kuihamishia wilaya nyingine ya shirikisho ambako ingeweza kufunguliwa, kwa kuangalia urahisi wa wahusika na mashahidi, na maslahi ya haki. Mara nyingi mwombaji ni mdaiwa. Huleta hati za kiapo zinazoeleza mashahidi ni akina nani, wanaishi wapi na watasema nini.

Mtihani mkubwa wa kifungu hicho ulitokea Boston. Oktoba 4, 1960, ndege ya Eastern Air Lines ilipaa kuelekea Philadelphia, ikakumbana na kundi la ndege aina ya kwenzi. Kwenzi waliingia kwenye injini, ndege ikatumbukia baharini na watu 62 kati ya 72 wakafa. Zilifunguliwa kesi zaidi ya 150: zaidi ya 100 huko Massachusetts, nyingine zaidi ya 45 huko Pennsylvania. Wadaiwa wakaomba zile za Pennsylvania zihamishiwe Boston, waliko mashahidi.

Ombi hilo lilibeba mambo mazito. Sheria ya Massachusetts wakati huo iliweka fidia ya kifo kati ya dola 2,000 na 20,000, ikipimwa kwa uzito wa kosa la mdaiwa, si kwa hasara ya mjane na watoto. Pennsylvania haikuwa na kikomo hicho. Je, safari ya kilomita mia nne na ushei ingefuta haki ya wafiwa?

Mwaka 1964 Jaji Arthur Goldberg wa Mahakama ya Juu, ambaye hukumu yake ndiyo niliyoitegemea hapa, alijibu kwamba kesi ikihamishwa kwa ombi la mdaiwa, sheria ya ilikotoka huifuata. Kinachobadilika ni ukumbi tu. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa hukumu za haki kabisa kuwahi kutolewa juu ya utaratibu wa mahakama.

Lakini kinga hiyo haivuki mpaka. Baada ya ndege ndogo kuanguka Scotland mwaka 1976, kesi ya wafiwa ilihamishwa kutoka California hadi Pennsylvania, kisha ikafutwa ili waende kudai Scotland. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilibariki uamuzi huo, ikasema chaguo la mdai mgeni lina uzito mdogo.

Kuhusu wafiwa wa kigeni, Congress ingeweza kuliziba pengo hilo kwa kifungu kimoja. Haijafanya hivyo.