Mawe ya Shinkolobwe na munganga wa kansere



Juzi mmoja wetu aliniuliza: "Mambo ya nukleya na sisi watu wa Maniema, wapi na wapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilipokuwa sekondari, Hiroshima ilikuwa habari ya Wamarekani na Wajapani tu. Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya uraniumu ya Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mwaka 1959 Léopoldville ikawasha mtambo wa nukleya, wa kwanza Afrika. Miaka ya 1970 fito mbili za mafuta yake zikapotea. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Basi tumo, tupende tusipende.

Sasa munganga wa kansere anaingia fasi gani? Mionzi mikali inaua uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Mgonjwa anaishiwa kinga, anatoka damu, vijidudu vinamshinda. Hali hiyo munganga wa kansere anaijua, maana dawa zake kali nazo zinaangusha uboho. Njo maana baada ya Chernobyl, mwaka 1986, Moscow ilimpokea Robert Gale, mtaalamu wa leukemia toka Los Angeles. Wagonjwa 13 walipandikizwa uboho. Wengi wao walikufa. Tangu hapo ilionekana wazi: kwanza damu ya kuongezewa, antibiotiki, chumba safi, na kujua nani atibiwe mbele.

Tena hatari si bomu tu. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya kutibu kansere iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Waokota vyuma wakaibomoa, wakaiuza. Unga wa sesiamu uling'aa usiku, watu wakagawiana kama zawadi. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6; zaidi ya watu 112,000 walipimwa.

Hapa Kindu pia vijana wanauza vyuma chakavu. Kwa hiyo ninawaomba, waganga wetu: akija mtu anatapika, ngozi imeungua na hakugusa moto, mumuulize ameshika chuma gani. Swali hilo halina bei. Na mumutafute munganga wa kansere mapema, si siku ya mazishi.