Mwingiliano wa Mawimbi: Istilahi na Mipaka Yake

Kwenye barabara ya Kitale kwenda Bungoma, redio ya matatu ikianza kutoa sauti za stesheni mbili kwa pamoja, abiria husema stesheni zimeingiliana. Kwa usemi wa kila siku, hapo pana shida gani? Ila mwanafunzi wa fizikia analitumia neno hilohilo kwa jambo mahususi zaidi, na ndiyo maana nashikilia kwamba mwingiliano wa mawimbi ni istilahi nzuri, mradi iwekewe mpaka. Mawimbi yakikutana, miinuko yake hujumlishwa: kilele juu ya kilele huimarishana, kilele juu ya bonde hufutana. Ruwaza iliyotulia hutokea tu iwapo mawimbi yana masafa sawa na tofauti ya hatua kati yake haibadiliki. Stesheni mbili zinazogombania masafa zinatangaza vipindi tofauti, kwa hiyo haziwezi kuchora ruwaza hiyo. Stesheni moja inaweza, pale wimbi linalotoka mnarani linapokutana na mwenzake aliyerudishwa na ukuta wa mabati. Katika FM ya megahezi 100, urefu wa wimbi ni takriban mita 3. Mbele ya ukuta unaotazamana na mnara, sehemu hafifu huachana kwa mita 1.5, kwa hiyo kuisogeza redio sentimita 75 tu kwaweza kuitoa kwenye mkwaruzo na kuifikisha kwenye sauti safi.

Atapinga mtu kwamba mwingiliano tayari ni wa watu, tamaduni na hata dawa. Ni kweli, lakini kijalizo "wa mawimbi" kinaondoa utata. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuingilia kunanuka uchokozi, ilhali mawimbi yakishapishana kila moja huendelea na umbo lake kana kwamba halikukutana na kitu. Hapa kiambishi -an- kinatuokoa: hakuna mwingiliaji na mwingiliwa, wote wanatendana sawa. Ninachokikataa ni kuita kufutana "mwingiliano haribifu", kwa sababu hakuna kinachoharibika. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakiimarishana, nguvu ya mahali hapo huwa mara 4 ya wimbi moja, si mara 2. Ziada hiyo ndiyo iliyokosekana pale yalipofutana. Kwa hiyo "mwingiliano wa kuimarishana" na "wa kufutana" ni majina marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mwanafunzi kuhusu nishati ilikokwenda.