Hasara ya Kujaribu Aibebe Nani?

Duka la rejareja la Goba, Dar es Salaam, huwa na hesabu tatu zisizokutana. Fedha taslimu zimo kwenye droo. Malipo ya lipa namba yamo kwenye simu, ujumbe mmoja mmoja. Madeni yamo kwenye daftari lililochakaa, na humo mdaiwa hutambulishwa kwa namna anavyojulikana mtaani: "mama geti jeusi, unga kilo 2", "dogo wa boda, vocha". Jioni mwenye duka anajua kauza. Kama kapata faida, hana hakika.

Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, mwalimu wa teknolojia mitaani amekuwa zaidi wakala wa kibandani kuliko mhadhiri. Chuo kikimwita mwenye duka kwenye semina, duka linafungwa siku nzima, naye anarudi na cheti pamoja na programu inayodai jina kamili na anwani ya kila mteja. Mama geti jeusi hana pa kuandikwa.

Njia nyingine ya kufundisha ilishajaribiwa mbali na hapa. Mwaka 1903, huko Terrell, Texas, Seaman Knapp, aliyewahi kuongoza chuo cha kilimo cha Iowa, alitaka kuonyesha mbinu bora za kulima. Alitumia shamba la mkulima mwenyewe, Walter Porter, nao wafanyabiashara wa mji wakaweka fedha za kumfidia endapo angepata hasara. Porter akalima kwa mikono yake, akapata faida. Mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever ikavikabidhi vyuo vya kilimo vya Marekani kazi ya ugani nchi nzima. Sheria hiyo ndiyo husifiwa, lakini kwangu kiini ni ule mfuko wa fidia: mkulima aliombwa ajaribu, hakuombwa abebe hasara peke yake.

Sisi Watanzania nasi tulikuwa na njia yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walipewa mafunzo mafupi tu. Kule Terrell watu walishawishiwa na shamba la jirani. Huku walishawishiana wenyewe kwa mazungumzo.

Goba inazihitaji njia zote mbili, ila kila moja kwa kazi yake. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" na miamala ya kughushi ni mambo ya kikundi: aliyetapeliwa Jumatatu akiwasimulia wenzake, Jumanne wanakuwa macho. Daftari la madeni ni siri. Hakuna muuzaji atakayelifunua mbele ya mwenzake wa duka la pili, kwa hiyo hapo anahitajika mtu mmoja, anayekuja dukani na kurudi tena.

Watu hao tunao. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo tangu 1965, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeungana na Goba kwa barabara ya Makongo. Wanafunzi wao huenda field, na wengi hutafuta nafasi maofisini. Baadhi yao waletwe Goba, wakae nyuma ya kaunta, waanze na safu tatu kwenye simu ileile anayoitumia mwenye duka: droo, lipa namba, daftari. Mama geti jeusi abaki kwa jina lake. Bando lilipwe na chuo, na deni likipotea kwa sababu ya kuhamishwa vibaya, chuo kilifidie. Kabla ya yote waandikiane kwamba hesabu ni mali ya mwenye duka na haziendi kwa mtu mwingine, maana hilo ndilo swali lake la kwanza.

Alama za field za mwanafunzi nazo zisubiri. Mwanafunzi akishaondoka, msimamizi apite dukani miezi mitatu baadaye, aangalie kama mwenye duka bado anaandika mwenyewe.