Mikono Mbele ya Kamera

Wapenzi wa ushairi wa Mwambao wanaijua vyema hatari ya neno lisiloandikwa. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na sehemu kubwa ya tungo zake ilibaki vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya miongo kadhaa baadaye, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Lau wawili hao wangalichelewa, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila ya Muyaka mwenyewe. Hata hivyo walikuwa na bahati moja kubwa: kalamu na hati. Neno la kinywa huandikika. Je, lugha ambayo haitoki kinywani, bali husemwa kwa mikono, kwa uso na kwa kiwiliwili, nayo haina hati iliyozoeleka ya kuiandika, itahifadhiwa wapi? Swali hilo liliwakabili viziwi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jawabu waliyoipata ilikuwa filamu.

Yafaa kwanza tueleze lugha yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 1817 Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alishirikiana na Thomas Hopkins Gallaudet kufungua skuli ya viziwi mjini Hartford. Alama za Ufaransa zikachanganyika na zile walizokuja nazo wanafunzi kutoka makwao, na humo ikakua lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiingereza kilichovishwa ishara. Wataalamu wa isimu walichelewa kulikubali jambo hilo, kwani uchambuzi wa William Stokoe ulitoka mwaka 1960. Lakini wenye lugha hawakungojea ruhusa ya wataalamu, na ndiyo maana mkutano wa Milan wa mwaka 1880 uliwauma sana. Huko, walimu wa viziwi, karibu wote watu wenye kusikia, walipiga kura kuwa mtoto kiziwi afunzwe kutamka na kusoma midomo, na alama ziwekwe kando. Uamuzi huo ulivuka bahari. Walimu viziwi wakapungua madarasani, watoto wakakatazwa kutumia mikono yao, na wazee waliomuona Clerc kwa macho yao wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Haikuwa mpaka mwaka 2010, mjini Vancouver, ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipoyakataa rasmi maazimio ya Milan.

George Veditz alizaliwa Baltimore mwaka 1861, akapoteza usikivu wake akiwa na umri wa miaka minane. Alikiongoza Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani tangu 1904 hadi 1910, na katika zama hizo chama kikaanza kuchangisha fedha, lengo likiwa dola 5,000, ili mabingwa wa lugha ya alama wapigwe picha za sinema kabla mauti hayajawakuta. Tuzingatie kuwa sinema yenyewe ilikuwa bado changa, na wengi waliiona kuwa mchezo wa kupitishia jioni. Viziwi waliiona kuwa karatasi.

Filamu ya Veditz ya mwaka 1913 haina mapambo. Mtu mzima aliyevaa kirasmi anasimama peke yake, anaitazama kamera, anasema kwa mikono yake kwa muda unaokaribia robo saa. Anaeleza jinsi viziwi wa Ufaransa na Ujerumani walivyonyang'anywa lugha yao skulini. Anatumia kisa cha Firauni na Yusuf kuwasuta watawala wapya wa elimu wasiowajua wale wanaowatawala. Anasema kuwa filamu ndiyo njia pekee ya kuipeleka lugha hii kwa vizazi vitakavyokuja. Katika mfululizo huohuo, mzee John Hotchkiss alisimulia kumbukumbu zake za skuli ya Hartford, na Mary Williamson Erd akaufasiri kwa mikono kifo cha Minnehaha kutoka utenzi wa Longfellow. Basi tangu mwanzo ushairi ulikuwamo. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu ya Veditz katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Wakati huohuo, katika majumba ya sinema, viziwi walikuwa na neema ambayo hawakuijua kuwa ni ya muda. Filamu zilikuwa kimya, na maneno yalijitokeza kwa maandishi kati ya picha na picha. Aliyesikia na asiyesikia walikaa safu moja, wakacheka kwa pamoja. Mchoraji Granville Redmond, aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alikuwa rafiki wa Charlie Chaplin na aliigiza katika filamu zake kadhaa. Katika ile ya mwaka 1931, Chaplin alipokuwa bado anagoma kuwapa wahusika wake mazungumzo, Redmond ndiye mchongaji wa sanamu inayofunuliwa mwanzoni. Lakini mlango ulikuwa umekwishafungwa. Sauti iliingia sinema mwaka 1927, na katika miaka michache tu maandishi yale yakatoweka. Historia za sinema huyaita hayo maendeleo. Kwa viziwi yalikuwa kufukuzwa ukumbini.

Waliofukuzwa hawakukaa kimya. Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Havana aliyewahi kuigiza vichekesho vya filamu za kimya, mwaka 1947 alianza kuzikata filamu za sauti na kupachika maandishi kati ya vipande, kisha akizikodisha kwa skuli na vyama vya viziwi. Kazi ile ilikuwa ya mkasi na gundi, na waliosikia walichukizwa kwa kukatizwa sauti. Mwaka 1958 ikapita sheria ya serikali ya kugharimia filamu zenye maandishi, na baada ya sheria ya mwaka 1990 televisheni mpya zilizouzwa Marekani, isipokuwa zile ndogo, zililazimika kuwa na uwezo wa kuyaonyesha. Kwetu Afrika Mashariki, sheria ya Kenya ya mwaka 2003 iliviagiza vituo vya televisheni kuweka mkalimani wa alama au maandishi katika taarifa za habari. Ndipo tukakizoea kile kidirisha cha pembeni, ambacho aghalabu ni kidogo hata vidole havisomeki. Ni sawa na kumpa mtu gazeti kisha ukalisogeza mbali na macho yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Sanaa ya sinema imejengwa juu ya kukata: kamera husogea usoni pa mwigizaji na kuiacha mikono nje ya picha. Kwa mtu wa alama, huko ni kumkata ulimi katikati ya sentensi. Clayton Valli, mshairi kiziwi aliyefariki mwaka 2003, alionyesha kuwa lugha hii ina vina vyake: umbo la kiganja linalorudiwa kutoka alama hadi alama, kama silabi inavyorudi mwishoni mwa kipande. Mtazamaji ataviona vipi vina ambavyo mpiga picha amevikata?

Tena ipo dhulma ya nani anayeigiza. Lugha yetu yenyewe ina neno bubu, na wengi hulibandika kwa kila kiziwi kana kwamba asiyesikia hana la kusema. Hollywood nayo ilipenda mabubu wa kuhurumiwa, na nafasi hizo ikawapa waigizaji wenye kusikia. Mwaka 1948 Jane Wyman aliigiza msichana kiziwi katika Johnny Belinda, na akatunzwa Oscar. Ilibidi kungojea mpaka 1987 ndipo Marlee Matlin, kiziwi kweli, alipoipata akiwa na umri wa miaka 21. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014 kuhusu familia ya viziwi yenye binti anayeimba iliwaweka watu wenye kusikia katika nafasi za wazazi. Ilipotengenezwa upya Marekani kwa jina la CODA mwaka 2021, wazazi hao waliigizwa na Matlin na Troy Kotsur, wote wawili viziwi.

Machi 2022 Kotsur aliitwa jukwaani kupokea Oscar yake. Ukumbi haukupiga makofi tu. Watu waliinua mikono juu na kuitikisa, kama viziwi wanavyoshangilia. Youn Yuh-jung, mwigizaji wa Korea aliyemkabidhi tuzo hiyo, akaichukua tena na kumshikia, ili Kotsur abaki na mikono miwili mitupu ya kusemea.