Mahekalu ya Mapangoni na Orangutangi wa Perak

Bonde la Kinta, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, lilitajirika kwa madini ya bati. Mwishoni mwa karne ya 19 Wachina kwa maelfu walihamia huko kuchimba, na watawa wa Kibudha wakafanya makao katika mapango ya milima ya chokaa inayouzunguka mji wa Ipoh. Hekalu mashuhuri la Perak Tong lilianzishwa mwaka 1926 na Chong Sen Yee na mkewe, wahamiaji kutoka China. Ndani yake sanamu kubwa ya Buddha imeketi chini ya mwamba, kuta zimejaa michoro, na ngazi zinapanda kupitia pango hadi juu ya mlima.

Kaskazini zaidi kuna ziwa la Bukit Merah, lililotengenezwa mwaka 1906 kumwagilia mashamba ya mpunga ya Krian. Kisiwa chake kimoja ni kituo cha orangutangi. Hawa si wenyeji wa pale: makazi yao ya asili leo ni Borneo na Sumatra tu, ambako misitu mingi imefyekwa kupisha michikichi. Kisiwani, mgeni ndiye anayepita ndani ya ujia wa wavu. Orangutangi wako nje, mitini. Ni utaratibu wa haki. Hata hivyo, kisiwa kidogo hakiwezi kushika nafasi ya msitu wa Borneo.